Karatasi ya Nne

Mwezi uliopita mama yangu aliagwa kazini. Walimfanyia sherehe ndogo kwenye bustani ya ile nyumba ya wazee kule Randburg, Johannesburg, ambako kwa zaidi ya miaka ishirini amewaogesha watu, amewalisha na kuwafumba macho, nami nikakaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, sahani ya keki mapajani. Nilijua atakachosema. Atamshukuru Mungu, atamshukuru msimamizi, atakaa. Akasimama, akashika maikrofoni kama anashika mwiko, akasema kwa Kiingereza chake chenye Uvira ya kwetu Kongo ndani yake kwamba kazi hii hakupewa na mtu. "Niliipata kwa kumshinda binti yangu," akasema, akaninyooshea kidole. "Yule pale. Ndiye alikuwa hodari wa nyumba." Wazee wakapiga makofi, bibi mmoja akanigeukia akacheka mpaka meno ya bandia yakamchezacheza. Mimi uma ulibaki hewani. Kwa miaka ishirini na nne jambo lile hatukulitaja hata mara moja, si kwa ugomvi si kwa utani, na sasa mama analitoa mbele ya watu wanaokula keki. 

Basi kama yeye amelisema, na mimi nitalisema, maana upande wangu haujasikika. Kazi yangu ni ukalimani mahakamani. Kutwa nasema maneno ya wengine, na adabu yangu yote inaishia huko. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba. Tuliishi Joubert Park, katikati ya jiji, ghorofa ya nne, chumba kimoja kikubwa na jiko lisilo na mlango, limezibwa kwa pazia la kitenge. Karatasi zetu za ukimbizi zilikuwa zimeisha muda na mpya hazijatoka, na shuleni tuliambiwa tusubiri nyumbani mpaka zitoke. Papa akasema itakuwa wiki tatu. Ulipofika mwezi wa pili akang'oa mlango wa kabati, akaupaka rangi nyeusi, akauegemeza ukutani, na shule ikafunguliwa ndani ya nyumba. Uvira alikuwa mkuu wa shule. Hapa alikuwa mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi. Alirudi saa moja asubuhi, akanywa chai kwa kusimama, na kabla hajavua buti za kazi alikuwa anagonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko. Hiyo ndiyo kengele. Tulijipanga mstari kati ya kitanda na cherehani, mimi, mdogo wangu Neema wa miaka kumi na minne, na Amani wa miaka kumi, kila mmoja mkono begani kwa mwenzake, tukakaguliwa kucha. Mpaka saa sita mchana hakuwa Papa, alikuwa Mwalimu. Amani akijisahau akajibu kwa ndiyo ya Kizulu, "Yebo, Papa," alisimama kwa mguu mmoja mpaka imla iishe.

Ajabu zaidi ilikuwa kalenda. Papa alikataa katakata kufuata mwaka wa shule wa hapa. Kwetu mwaka wa shule unaanza Septemba, kwa hiyo Julai, baridi ikiwa kali, alitufungia shule, tukakaa likizo ndani ya blanketi. Jumatatu ya kwanza ya Septemba, wakati watoto wa jengo zima wanahesabu siku za kumaliza, sisi tukaanza mwaka mpya. Joto lilikuwa limeingia ghafla, kama linavyoingia hapa; wiki hii sweta mbili, wiki ijayo huwezi kulala na shuka. Madirisha yote yakafunguliwa, na sauti ya Papa ikawa mali ya jengo. Wasichana wa ghorofa ya tatu walijifunza mito ya Kongo bila kupenda, na nikishuka kununua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani, wananiuliza, "Eish, Riziki, bado mko Lualaba?" Niliona aibu, sikatai. Lakini nilikuwa na kiburi pia. Katika shule ile ya watu watatu nilikuwa wa kwanza kila mara, na nilijiona kama nimeshinda mkoa mzima.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Alikanyaga cherehani asubuhi yote, magauni ya wenzetu wa kanisani, pindo za mapazia, chochote, lakini ikifika saa ya hesabu au ya imla cherehani ilinyamaza, mama akachukua vifungo na sindano akaenda kukaa nyuma ya pazia la jiko, karibu na sufuria ya maharage. Papa alidhani ni heshima. Mimi sikudhani chochote. Nikikumbuka leo naona kila kitu mpaka nataka kujizaba kofi. Naona pazia limesogezwa vidole viwili upande wa ubao. Naona lile daftari la vipimo vya wateja, lilivyojaa upesi kwa mtu mwenye wateja wachache. Siku moja Papa aliuliza mraba wa kumi na tisa, sote watatu tukatazama dari, na nyuma ya pazia nikasikia mtu anavuta pumzi kama anayetaka kusema, kisha kijiko kikagonga sufuria. Nilifikiri ameungua. Mama kwetu alikuwa harufu ya majani ya sombe na samaki wa ndagala, alikuwa mkono unaopitisha sahani. Nilijua kwamba aliishia shule ya msingi. Hakuna aliyeniambia hivyo, niliamua mwenyewe.

Nafasi ilikuja Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua na barabara zote zimejaa maua yaliyokanyagwa. Aliyeileta ni Mama Zawadi, mwenzetu wa kanisani, aliyekuwa akifanya usafi kwenye chuo kidogo cha kufundisha walezi wa wazee. Chuo kilikuwa kimelipatia kanisa letu nafasi moja tu kwa mwaka: kulala hukohuko, chakula, sare nyeupe, cheti, kisha kazi. Mchungaji aandike barua, mwalimu aandike alama, basi. Nilikuwa nimelala kitandani najifanya nasoma, na pazia halizuii sauti. "Wanaangalia umri?" mama aliuliza. Mama Zawadi akasema, "Kuanzia kumi na sita. Kwenda juu hawana neno. Wanataka ujue kusoma na mgongo wako uwe mzima." Mama akauliza, "Na hesabu?" Akajibiwa, "Hesabu za dawa, Mama Riziki. Vidonge vingapi asubuhi, vingapi jioni."  "Hizo si ngumu," mama akasema. Kichwa kilinivimba palepale. Nilijua ananiulizia mimi, na nikamwonea huruma kidogo, jinsi alivyohangaika kutaka kunitoa pale ndani. Maana nilitaka kutoka, jamani. Nilitaka kitanda changu peke yangu, rafiki asiye ndugu yangu, mwalimu asiyenikoromea mchana upande wa pili wa chumba. Nilikitaka chuo kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Papa angeweza kuandika jina langu, yakaisha. Neema na Amani walikuwa wadogo, hapakuwa na mtu mwingine. Lakini mkuu wa shule hawezi kutoa kitu bila mtihani, ni ugonjwa wao, na Jumapili iliyofuata alisimama katikati ya matangazo ya kanisa akiwa na koti lake la suti akasema, "Nyumbani kwangu hakuna upendeleo. Nafasi hii itachukuliwa na atakayekuwa wa kwanza katika mtihani wa Novemba, na matokeo nitayasoma mbele yenu." Watu wakacheka wakapiga makofi, wakanigeukia mimi. Kwetu matokeo husomwa hivyo, hadharani, wazazi wamekaa, jina kwa jina, aliyefaulu na aliyeanguka. Mchungaji akasema amina. Nilimtazama mama nione kama anacheka naye. Alikuwa ameinama anamfunga Amani kamba za viatu.

Wiki moja kabla ya mtihani mama alinipeleka Fordsburg kununua viatu vyeupe, maana chuoni walitaka vyeupe visivyo na kisigino. Yeye na mimi tulivaa namba ileile. Nilijaribu, vikanikaa vizuri, nikavua. Mama akasema ngoja, akavua ndala zake, akavivaa, akatembea mpaka kwenye kioo cha mwisho wa duka akarudi, polepole, anakanyaga kama sakafu ni ya mtu. Mwenye duka, mzee wa kofia nyeupe, akauliza ni vya nani. "Vya mwanafunzi," mama akajibu. Alikaa navyo miguuni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akivitazama. Mimi nilikuwa mlangoni nanusa sambusa za duka la pili, njaa inaniuma, nikamwambia, "Mama, si twende?" Akavivua, akavipangusa kwa kanga yake, akavirudisha kwenye boksi.

Mtihani ulifanyika Ijumaa moja ya joto, madirisha wazi, honi za teksi zinatuimbia kutoka upande wa stesheni. Papa alitaka haki kamili, kwa hiyo hatukuandika majina. Tulichukua namba kutoka kwenye kofia yake ya kazi, kama vile hajui miandiko ya watoto wake watatu. Maswali aliyaandika ubaoni, yaleyale kwa wote, hata kwa Amani. "Mdogo naye ajifunze kushindwa," Papa alisema. Imla, hesabu, jiografia, kisha maswali matano ya ufahamu. Nilimaliza wa kwanza. Nikaweka kalamu chini kwa kishindo ili Neema asikie, nikaenda dirishani kuwatazama wazee wanaocheza sataranji kule chini kwenye bustani ya mtaa kwa vile vipande vikubwa vinavyofika kiunoni. Sikurudia kusoma hata jibu moja. Nilikuwa hapo dirishani nikasikia harufu ya kuungua. "Mama Riziki, maharage," Papa akaita, akaita tena. "Mama Riziki." Ndipo nikasikia sufuria ikiondolewa. Mama yangu hakuwahi kuunguza maharage tangu nimezaliwa, na mchana ule tulikula yenye ladha ya moshi, naye hakuomba radhi. Alikuwa na wino kwenye kidole cha kati. Nililiona doa lile. Nikafikiri ni la daftari la wateja.

Jumamosi Papa alisahihisha akiwa amekaa kitandani. Alilichukua rundo la karatasi, akahesabu, akahesabu tena. Baadaye alitazama jikoni kwa muda mrefu na kalamu nyekundu mkononi. Hakula vizuri mchana. Mama alipomletea maji ya kunawa, Papa akasema taratibu, "Mwandiko wako mzuri, Mama Riziki." Mama akajibu, "Asante, Mwalimu." Ilikuwa saa nane mchana, shule imefungwa tangu saa sita, na mama hakuwahi kumwita Mwalimu, alimwita Papa Riziki. Nilisikia, nikaona ajabu, nikapita. Nimejiuliza mara nyingi usiku ule Papa alijisemea nini kwenye lindo lake. Angeweza kuichana karatasi moja. Hakuna ambaye angejua isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo asingesema.

Jumapili baada ya ibada walikuja watu kumi na mbili katika chumba kile, mchungaji akiwamo, wamekaa kwenye vitanda, kwenye ndoo zilizogeuzwa, Mama Zawadi kwenye kiti cha cherehani. Mama alikaanga mandazi, akapitisha sinia. Papa alivaa suti yote, jasho linamtiririka, akafungua bahasha. Alikuwa amepiga muhuri kwenye kila karatasi, muhuri wa shule yake ya Uvira, aliovuka nao mipaka akiwa ameacha nguo. Akaanza toka chini. "Amani, wa nne kati ya wanafunzi wanne." Watu wakacheka, wakadhani ameteleza ulimi. Amani akapinga, "Papa, tuko watatu." Papa hakumtazama. "Neema, wa tatu."  Nilikuwa nimeshasimama nusu, tayari kwenda kupokea. "Wa pili, alama themanini na moja," Papa akasema, akapangusa jasho. "Riziki."  Nilifikiri nimesikia vibaya, nikamtazama Neema, naye alikuwa ananitazama mimi mdomo wazi. "Wa kwanza," Papa akasema, "alama themanini na nne. Mwavita Nyota."

Ilinichukua muda kukumbuka kwamba hilo ni jina la mtu ninayemjua. Lilikuwa kwenye karatasi zetu za ukimbizi, hakuna aliyelitamka kwa mdomo. Watu wakageuka mmoja baada ya mwingine kuelekea jikoni. Mama alikuwa amesimama mbele ya pazia, sinia mikononi, unga kwenye mkono mmoja mpaka kiwiko. Mama Zawadi ndiye aliyeanza kucheka, akapiga makofi. "Mama Riziki, kumbe una akili namna hii, umetufurahisha kweli. Haya, sasa mpe mtoto barua yake." Wote wakashusha pumzi, wakacheka naye, hata mimi nilianza kutabasamu, nikifikiri ulikuwa mchezo wa kunishusha kiburi, na kweli nilistahili. Mama akaweka sinia chini.

"Barua ni ya wa kwanza," akasema.

"Ndiyo," Mama Zawadi akasema, "lakini wewe ni mama."

"Mimi ni wa kwanza."

Sijawahi kusikia chumba kikinyamaza vile, na nimefanya kazi mahakamani miaka kumi na mitano. Mchungaji akamtazama Papa. Papa akatazama muhuri wake. "Nilitamka kanisani," akasema kwa sauti ndogo. "Siwezi kurudi nyuma." Nikasema, "Mama, unanitania." Akanitazama sawasawa machoni, hakuwa na hasira wala huruma ile ya kila siku. "Sikutanii, Riziki. Nilisoma usiku na mchana. Wewe ulikuwa dirishani." Halafu akamwambia mchungaji aandike jina lake vizuri, Mwavita kwa v moja. Watu waliondoka bila kumaliza mandazi. Kwenye ngazi nilimsikia mwanamke mmoja akisema, "Mama gani huyo, anampokonya mtoto tonge mdomoni," na mwingine akajibu, "Nimeishiwa maneno, dada."  Unajua mama hula akishashiba kila mtu. Unajua hilo kama unavyojua maji ni maji. Siku ile nilimwona mama anakula kwanza, na dunia yangu ikapinduka.

Sikusema naye mpaka alipoondoka. Miezi miwili katika chumba kimoja, fikiria kazi hiyo. Nilipokea sahani nikatazama ukuta. Naye hakunibembeleza, alishona, alipika, jioni alikaa na Papa mezani wakifanya hesabu za vidonge, vichwa vimekaribiana, mara mbili niliwasikia wanacheka, na kicheko kile kilinichoma kuliko kitu kingine. Januari aliondoka asubuhi na begi moja, miguuni viatu vyeupe. Viatu vyangu. Neema na Amani walilia wakamshika sketi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jiko, nakoroga uji usiohitaji kukorogwa, nikasikia akisema mlangoni, "Riziki, chumvi iko kwenye kopo la bluu."  Mwaka mzima uliofuata nilipika mimi, nilifua mimi, nikakaa nyuma ya pazia lile mimi, na hapo ndipo nilipojua kwamba ukisogeza vidole viwili ubao wote unaonekana. Karatasi zetu zilitoka mwaka wa pili baada ya yeye kuondoka; nikarudi shuleni na miaka kumi na tisa kati ya watoto wa kumi na sita. Sote watatu tulisomeshwa na kazi ya mama, nalijua, nimelishukuru kwa zawadi za Krismasi na kwa kumpigia simu kila Jumapili. Lakini kusamehe nilikuwa sijasamehe. Nilikuwa nimeliweka tu mahali nisipopafikia.

Baada ya sherehe nilimrudisha nyumbani kwa gari. Alikuwa na maua mapajani na boksi la keki iliyobaki, amevua viatu, anajikanda miguu. Tulisimama kwenye robot, taa za barabarani za pale karibu na maduka, nyekundu ndefu ile isiyoisha.  Nikasema, "Mama, siku ile ungekuwa wa pili, ungefanyaje?"

"Ningepika," akasema.

Akaangalia nje. Nikauliza lile lingine, lililokuwa limenikaa kooni toka nina miaka kumi na saba. "Na hukufikiri hata kidogo kuniachia?"

"Nilishakuachia mara moja," mama akasema, bila kunigeukia, bado anakanda mguu. "Nilikuwa mwaka wa tatu sekondari, wa kwanza kati ya wanafunzi arobaini na wawili. Sare ikakataa kufunga tumboni. Sista wa shule akaniambia nichague, nami nikakuchagua wewe, na sijajuta. Lakini mara mbili, Riziki? Hapana."

Robot ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, likapiga tena, mtu akanipita ananitukana kwa Kizulu. Mama akasema, "Endesha, tunazuia watu," na mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, nimesahau mguu upi unakanyaga nini.